Kwa nini kabila linavimba kura ikikaribia

Kila miaka mitano, wiki chache kabla ya kura, stendi za Nairobi zinajaa watu wenye mabegi na nauli ya ushago inapanda kama ni Krismasi. Mama anapeleka watoto kwa nyanya yao, mwenye duka Mathare anapunguza stoki, mpangaji wa Kibera anamuuliza keateka kwa sauti ya chini kama geti itakuwa inafungwa mapema. Na ni watu wale wale wamekaa ploti moja miaka yote, wanateka maji mfereji mmoja, wako chama kimoja, mtoto wa huyu anakula kwa yule bila kuuliza. Sasa mimi nauliza, kama tunachukiana hivyo juu ya kabila, hiyo chuki hukaa wapi ile miaka minne mingine?

Hili swali limetafitiwa sana, na sehemu kubwa ya utafiti imefanyiwa hapa kwetu na kwa majirani. Kinachoniuma ni vile matokeo yanabaki kwa majarida ya maprofesa huku mwananchi anaendelea kuhubiriwa aache ukabila, kana kwamba shida yote ni roho mbaya. Ukiyasoma pamoja yanaelekea mahali pamoja: ukabila wa kura ni woga kuliko chuki, na huo woga una sababu ambazo mtu anaweza kuzishika na kuzirekebisha.

Tuanze na kalenda. Mwaka wa 2010 Benn Eifert, Edward Miguel na Daniel Posner walitoa utafiti wakitumia data ya Afrobarometer, mradi wa kuuliza Waafrika maoni yao, watu zaidi ya 35,000 kutoka nchi 10 za Afrika, waliohojiwa kati ya 1999 na 2004. Swali lilikuwa rahisi tu, ukiweka uraia kando, wewe unajiona kwanza kama nani? Mwingine atasema mimi ni mkulima, mwingine mimi ni Muislamu, mwingine atataja kabila lake. Wakaangalia siku ya mahojiano ilikuwa umbali gani na uchaguzi wa rais. Kila mwezi mmoja ukisogea karibu na uchaguzi, uwezekano wa mtu kujitaja kwa kabila unaongezeka kwa pointi 1.8 za asilimia, na hiyo ni pale ambapo uchaguzi una ushindani wa kweli. Kinachopungua wakati huo huo ni kujitambulisha kwa kazi na hali ya maisha, yaani yule aliyekuwa mkulima ama mfanyakazi mwezi wa pili, kufika mwezi wa nane amegeuka kuwa wa kabila fulani na hakuna kitu kimebadilika kwa damu yake, ni tarehe tu imesonga.

Kama kabila lingekuwa chuki ya mababu lingekaa pale pale mwaka mzima. Halikai.

Utafiti mwingine wa huyo Posner, wa 2004, naupenda zaidi. Alienda mpaka wa Zambia na Malawi, mpaka uliochorwa na wakoloni bila kujali nani anaishi wapi, ukawakata Wachewa katikati na Watumbuka pia. Kwa hivyo kuna Wachewa huku na kule, Watumbuka huku na kule, lugha zile zile, mila zile zile. Akauliza vijiji vya pande zote mbili, je, ungeoa Mtumbuka, ungepigia Mchewa kura ya urais? Upande wa Malawi majibu yalikuwa makali, hawa wanawaona wale kama wapinzani. Upande wa Zambia wanaonana kama ndugu, watu wa mashariki. Tofauti ni hesabu tu. Malawi ni nchi ndogo, kila moja ya haya makabila mawili ni kubwa kiasi cha mwanasiasa kujenga chama juu yake. Zambia yote mawili ni madogo ukilinganisha na taifa lote, hakuna anayeweza kushinda kitu na Wachewa peke yao, kwa hivyo wanaunganishwa wawe kundi moja la kubebea kura.

Ukielewa hiyo utaanza kuona Kenya vizuri. Majina kama Kalenjin, Luhya na Mijikenda yalishika nguvu miaka ya 1940 hivi, wakati watu wa jamii ndogo ndogo waliona kwamba mbele ya serikali ya mkoloni ni afadhali kuongea kwa sauti moja kubwa. Na mpaka leo yanapanuka na kunywea kulingana na kiti kinachotafutwa. Mtu wa Bungoma akiwa Nairobi na rais ndiye anachaguliwa, yeye ni Mluhya. Arudi nyumbani kuchagua gavana, hapo unasikia Mbukusu, Mtachoni, na hata ndani ya Mbukusu kuna ukoo. Serikali nayo inaongeza: 2017 Wamakonde walitambuliwa kama kabila la 43 na miezi michache baadaye Wahindi wa Kenya wakawa la 44. Kumbe hata idadi ya makabila ni uamuzi wa mtu mwenye muhuri.

Wengine watasema sawa, lakini ndani ya moyo watu wanabaguana. Hii ilijaribiwa hapa hapa Nairobi. Kundi la watafiti, Miguel na Posner wakiwemo, walikusanya watu wa kawaida kwa maabara ya utafiti kipindi cha kuelekea uchaguzi wa 2013, wakawapa pesa za kweli na michezo ya kugawana na mtu asiyemjua, ila anapewa dalili huyo mwingine ni wa kabila gani. Ripoti ilitoka 2020. Upendeleo wa kabila ulikuwa mdogo sana, mara nyingi haukuonekana kabisa. Watu walikuwa wanagawia wa kabila lao na wa kabila lingine karibu sawa. Tafadhali soma hiyo tena, ni Nairobi, kipindi cha siasa, pesa mkononi, na mtu hajampunja mwingine juu ya kabila.

Kampala nako James Habyarimana na wenzake waliwachezesha watu 300 hivi michezo ya aina hiyo kwa mitaa ya wenye kipato kidogo kule Mulago na Kyebando. Wakapata kama huonekani, unagawa bila kuangalia kabila. Ukijua unaonekana na utambulisho wako unajulikana, hapo baadhi ya watu wanaanza kumjali wa kwao zaidi, manake wanajua wa kwao anaweza kuwafikia. Walijaribu pia kuwaambia watu watafute mtu fulani mtaani, na aliyekuwa akitafuta wa kabila lake alimpata kwa urahisi zaidi. Yaani kabila hapa linafanya kazi kama mtandao wa dhamana, najua mjomba wako, ukinikosea nitafika kwenu. Ndio maana harambee ya shule inaenda vizuri mahali pengine na inakwama pengine. Mary Kay Gugerty na Miguel walionyesha 2005, wakiwa na data ya magharibi mwa Kenya, kwamba shule za maeneo yenye makabila mengi zilichangiwa pesa kidogo na visima vilikosa matengenezo, na sababu waliyoitoa ni kwamba ni vigumu kumuaibisha mzazi asiyelipa kama hamna ukoo wala kanisa moja. Watu hawakuwa wabaya, walikosa njia ya kumbana anayetegea. Keateka yeyote wa ploti ya Nairobi anaijua hii shida vizuri kuliko profesa, ila yeye ana funguo za geti na stima.

Basi kama hatubaguani hivyo kwa pesa, mbona kwa debe tunajipanga kama gwaride? Hapa ndipo pana nyama.

Desemba 2007, wiki chache kabla ya ule uchaguzi, kulifanywa uchunguzi wa maoni ambao baadaye Michael Bratton na Mwangi Kimenyi waliuchambua. Wakenya wengi walikataa kujieleza kwa kabila, walisema wao kwanza ni Wakenya. Lakini walipoulizwa kuhusu wengine, waliona wale wengine ndio wakabila, kwamba wanajipanga kwa kabila na wakishinda watajaliana wenyewe. Unaona mtego? Mimi sitaki kupiga kura ya kikabila, lakini naamini wewe utapiga, kwa hivyo na mimi napiga kujikinga. Na wewe unafikiria hivyo hivyo kunihusu. Mwisho wa siku sote tumepiga kura ya kabila na hakuna hata mmoja aliyeianza. Waandishi wenyewe waliiita kura ya kujilinda, na walionyesha pia kwamba gharama ya maisha na ufisadi zilikuwa na uzito kwa uamuzi wa watu.

Sasa fikiria mtu akija kwa runinga na kuambia nchi kwamba matokeo yameshajulikana. 2013 kabla ya kura mchambuzi wa siasa Mutahi Ngunyi alitoka na ile hoja ya idadi, akachukua waliojiandikisha ngome kwa ngome, akajumlisha kabila na kabila na kusema Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta, imeshashinda. Uhuru alitangazwa mshindi na asilimia 50.07. Watu wengi waliona kama unabii. Mimi naona madhara yake yalikuwa makubwa kuliko usahihi wake, juu ilimfundisha kila mtu kwamba kura yake ni sensa tu, na mtu akiamini kura ni sensa hana haja ya kuuliza sera. Alafu sensa yenyewe inakataa hiyo hesabu: kwa ile ya 2019, Wakikuyu ambao ndio wengi zaidi walikuwa milioni 8.1 kati ya watu milioni 47.6, kama asilimia 17. Hakuna kabila hapa linaweza kushinda peke yake. Kila ushindi ni muungano, na muungano unavunjika, tumeona mara ngapi.

Na huu woga wala si ujinga, kuna kitu cha kweli chini yake. Robin Burgess, Remi Jedwab na wenzao walichukua bajeti na ramani za barabara za Kenya kutoka 1963 hadi 2011. Wilaya za kabila la rais zilipata matumizi ya barabara mara mbili ya zingine na urefu wa lami mara tano. Mara tano! Kwa hivyo babu yako aliyekuwa anasema bila mtu wetu pale juu hatuoni lami alikuwa anasema alichokiona kwa macho. Lakini angalia sehemu ya pili ya hiyo hiyo karatasi, ambayo wanasiasa hawataisoma kwa mkutano: upendeleo huo ulikuwa wa enzi za chama kimoja. Kipindi cha vyama vingi, mwanzoni mwa uhuru na tena kuanzia 1993, ulipotea. Bunge linaloweza kuuliza, magazeti yanayoandika, na rais anayehitaji kura za mbali, vilimfunga mikono. Woga wetu wa leo kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya nchi iliyokuwa na sheria zingine.

Kuna jambo la kushangaza zaidi kutoka kwa Kimuli Kasara, 2007. Aliangalia jinsi serikali za Afrika zinavyotoza wakulima wa mazao ya biashara, akitarajia rais atawapunguzia wa kwao. Akapata kinyume, wakulima wa nyumbani kwa rais ndio walitozwa zaidi. Maelezo yake ni kwamba kiongozi ana watu wake kule, anawajua wakubwa wa kijiji, anaweza kubana bila kuogopa kupoteza kura. Mtu wetu akiwa na uhakika nasi hana sababu ya kutubembeleza. Nadhani kila ngome ya Kenya, ya upande wowote, ingefaa ibandike hiyo matokeo kwa ukuta wa soko.

Dawa je? Kuna shule mbili, na zimegombana miaka mingi. Ya kwanza ni ya Arend Lijphart, mgawane madaraka kwa makundi, kila kundi liwe na kiti chake mezani. Faida yake ni kwamba inazima moto, sisi wenyewe 2008 baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa na laki kadhaa kufukuzwa makwao, serikali ya nusu mkate, ya pande mbili kugawana madaraka, iliyopatanishwa na Kofi Annan ndiyo iliturudisha. Ubaya wake unaonekana baadaye. Lebanon waligawana viti vya bunge kidini tangu 1943 kwa sita Wakristo tano Waislamu, mpaka mkataba wa Taif wa 1989 ndio ukasawazisha, na sensa rasmi ya mwisho kule ni ya 1932 juu kuhesabu watu ni kuchokoza mgao wote. Bosnia chini ya mkataba wa Dayton wa 1995 urais ni wa watu watatu, Mbosniaki, Mkroati na Mserbia, kwa hivyo Myahudi ama Mroma hawezi kugombea kabisa, na hata mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu iliposema 2009 huo ni ubaguzi, haikuwa rahisi kubadilisha. Ukigawa kwa kabila, wasio na kabila kubwa wanafutika.

Shule ya pili ni ya Donald Horowitz: tengeneza sheria za uchaguzi zinazomlazimisha mwanasiasa kutafuta kura nje ya kwao. Nigeria walianza 1979, rais lazima apate robo ya kura kwa theluthi mbili ya majimbo. Sisi tulikuwa na asilimia 25 kwa mikoa mitano kati ya minane mwaka wa 1992, na Moi alipita na kama asilimia 36 tu ya kura zote kwa sababu upinzani uligawanyika. Katiba ya 2010 ikakaza: zaidi ya nusu ya kura zote, na robo kwa angalau kaunti 24 kati ya 47. Mimi niko upande huu wa pili, ingawa sio kipofu. Sheria inasaidia kwa debe, lakini baada ya debe wakubwa wetu wamezoea kurudi kwa mgao wa mezani, 2018 ikawa hendsheki ya Uhuru na Raila Odinga, 2024 ikawa serikali ya pamoja ya Ruto na watu wa Raila, na kila mara upinzani unamezwa na mwananchi anabaki bila mtu wa kuuliza maswali. Amani ya aina hiyo ina bei, na bei ni uwajibikaji. Sheria ya mshikamano ya 2008 inayokataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja kutoka kabila moja, hiyo ina maana zaidi kwa kijana anayetafuta kazi kuliko picha kumi za wakubwa wakishikana mikono.

Watu hupenda kuleta Tanzania hapa. Ni kweli Miguel alilinganisha Busia yetu na Meatu ya kule na kukuta mchanganyiko wa makabila ulipunguza michango ya shule kwetu, kule haikuwa hivyo. Kiswahili shuleni, kuondolewa kwa machifu 1963, sensa kuacha kuuliza kabila baada ya 1967, vyote vilijenga kitu. Lakini Tanzania pia haina makabila makubwa machache yanayokabana, na ilikaa chama kimoja miaka mingi. Kunakili kila kitu siwezi kushauri. Kiswahili, hiyo ndiyo.

Na kuna vitu tayari tunavyo bila serikali. Mali, Thad Dunning na Lauren Harrison walionyesha watu video za mwanasiasa akihutubia, wakibadilisha tu jina la ukoo wake. Wa kabila lingine lakini mwenye utani na ukoo wa msikilizaji alipendwa karibu sawa na wa kabila moja. Utani! Kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi. Ghana, Nahomi Ichino na Noah Nathan walikuta mtu anayeishi katikati ya kabila lingine huwa tayari zaidi kupigia chama cha majirani zake, juu anajua barabara na zahanati wakijengewa wao, hata yeye anatumia. Nairobi ni mji wa watu kama hao, Kayole, Pipeline, Githurai, ploti za makabila kumi. Wadi zetu zingepaswa kuwa rahisi zaidi kwa siasa za sera kuliko mahali popote Kenya, na naumia nikiona MCA, mwakilishi wa wadi, bado anapangwa kwa mgao wa kabila.

Juni 2024 vijana walitoka dhidi ya mswada wa fedha wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na tarehe 25 wengine walilipia kwa maisha yao. Niliamini kila neno lao na bado naamini. Ila rudi kwa ile kalenda: ilikuwa miaka mitatu kabla ya kura, wakati ambapo kabila liko chini kabisa na kazi na maisha ndivyo viko juu. Uchaguzi wa 2022 nao ulikuwa na maneno ya hasla, yaani mtu wa kujitafutia, na wagombea wakuu wote wawili walitafuta naibu kutoka Mlima Kenya. Kwa hivyo 2024 haitoshi kutuambia 2027 itakuwaje.

Ndio nasema kama shida ni woga wa kile wengine watafanya, basi kitu cha kwanza cha kulinda ni hesabu yenyewe. Baada ya kura ya 2007 tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilisema rekodi ziliharibika kiasi cha kutojulikana nani alishinda, na kila upande ukaamini ndoto yake mbaya zaidi. 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229 ziliwekwa kwa mtandao, vyombo vya habari na watu binafsi wakawa wanajumlisha wenyewe, Ruto asilimia 50.49 kwa 48.85 ya Raila, na ingawa makamishna wanne wa tume ya uchaguzi walijitenga na matokeo na kesi ikafika Mahakama ya Juu, hatukurudi 2007. Alafu tume ya uchaguzi ikaachwa bila mwenyekiti kutoka Januari 2023 hadi Julai 2025. Nikikutana na mgombea yeyote wa 2027 sitamuuliza yuko muungano gani. Nitamuuliza kama atapigania zile fomu ziwekwe wazi tena, usiku ule ule, kituo kwa kituo.